Mkimbiaji Naye ni Mlaji: Kabla Hujalipia Nusu Marathoni ya Ufukweni

Mada iliyotolewa mbele ya wakazi wa Upanga na vikundi vya mbio za pole



Nimeombwa nizungumze juu ya kumlinda mlaji. Nilipowaambia majirani kwamba mada yangu itahusu mbio za nusu marathoni, baadhi yao walicheka. Waliniuliza: mlaji na mbio wapi na wapi? Mlaji ni yule anayeuziwa unga wenye mchanga, au mafuta ya kupikia yaliyokwisha muda wake. Mkimbiaji ananunua nini, ikiwa barabara ni ya Serikali, bahari ni ya Mwenyezi Mungu, na miguu ni yake mwenyewe?

Swali hilo ni zuri, na jibu lake ndilo mada yenyewe. Mtu anayelipa ada ya kushiriki mbio amenunua huduma. Amenunua njia iliyopimwa. Amenunua barabara iliyofungwa au inayolindwa ili gari lisimgonge. Amenunua maji ya njiani, huduma ya kwanza, hesabu ya muda wake, medali na fulana. Kabla ya hapo amekwisha kununua raba, soksi na kaptula. Basi mkimbiaji naye ni mlaji, tena mlaji wa aina ya pekee, kwa sababu alichokinunua hukitumia moyo ukimdunda, jua likimchoma, na akiwa mbali na nyumbani. Unga mbaya mtu huumwaga akanunua mwingine. Kilomita ya kumi na nne isiyo na maji huwezi kuimwaga.

Sisi wa Upanga tumejaliwa. Mtu hutoka nyumbani kwake kando ya Barabara ya Umoja wa Mataifa baada ya sala ya alfajiri, akashika njia ya Barack Obama, na kabla hajatokwa jasho sawasawa yumo juu ya Daraja la Tanzanite. Daraja hilo lilizinduliwa tarehe 24 Machi 2022, nalo lina urefu wa kilomita 1.03 juu ya maji. Upande wa pili ni Oysterbay na ufukwe wa Coco, jua likichomoza baharini mkono wa kulia. Sishangai kwamba wengi wetu tulianza kukimbia kwa ajili ya mandhari ile kabla hatujafikiria afya. Sishangai pia kwamba waandaaji wa mbio wanaipenda. Mbio za Rotary zimekimbiwa maeneo yale kwa miaka mingi, na mbio za Benki ya CRDB zilianzia Oysterbay mwaka 2020 zikichangia matibabu ya moyo ya watoto. Hizo nazitaja kwa wema. Kisa nitakachosimulia hakihusu mojawapo ya hizo.

Kisa cha muuza madafu

Miaka kadhaa iliyopita mimi na jirani yangu tulijiandikisha katika nusu marathoni ya ufukweni. Tangazo lilikuja katika simu: picha ya bahari, picha ya medali, na maneno kwamba kutakuwa na maji kila baada ya kilomita 3, magari ya wagonjwa, na njia iliyopimwa kitaalamu. Ada ilikuwa shilingi 35,000. Tulituma fedha kwa simu kwenda namba ya mtu binafsi. Hatukuomba risiti. Tulifurahi tu.

Mbio zilipangwa kuanza saa kumi na mbili asubuhi, mwezi wa Februari. Zilianza saa moja na nusu, kwa kuwa mgeni rasmi alichelewa. Tulipofika kilomita ya kumi, meza ya maji ilikuwa na chupa tupu. Meza ya kilomita ya kumi na tatu haikuwapo kabisa. Magari yalikuwa yakipita ubavuni mwetu kama siku ya kazi. Jirani yangu, mama wa miaka 52, mwenye nguvu na asiye na ugonjwa wowote anaoujua, alianza kuniuliza maswali yasiyo na maana. Aliniuliza kama tumefunga mlango wa nyumba. Kisha aliacha kunijibu, akayumba, akaanguka kando ya barabara.

Hapakuwa na gari la wagonjwa wala mtu mwenye fulana ya huduma ya kwanza. Aliyekuwapo ni muuza madafu. Kijana yule hakuuliza mtu ruhusa. Alisogeza mkokoteni wake ukatupa kivuli, akachukua ndoo ya maji ya barafu aliyokuwa akipozea biashara yake, akammwagia yule mama kichwani, shingoni, kifuani na mapajani, tena na tena, huku sisi tukipepea kwa kadi za mbio. Tulipopata teksi, alikuwa amekwisha kufumbua macho. Alilazwa usiku mbili. Daktari alituambia kwamba ndoo ile ndiyo iliyomwokoa.

Mama huyo yumo humu ukumbini leo, na ameniruhusu niseme haya. Nami sikuja kumlaumu mtu aliyetuuzia mbio zile. Baada ya siku ile namba yake haikupatikana tena. Nimekuja kujilaumu mwenyewe, kwa sababu nilipotaka kulalamika niligundua kwamba sina chochote mkononi: sikuhifadhi tangazo, sina risiti, sijui jina la kampuni, wala sijui kama ilikuwapo kampuni. Nilikuwa nimenunua uhai wa siku nzima kwa uangalifu mdogo kuliko ninaoutumia kununua nyanya sokoni.

Haki nne

Tarehe 15 Machi 1962, Rais John F. Kennedy wa Marekani alipeleka ujumbe maalumu katika Bunge la nchi yake akitaja haki nne za mlaji: haki ya usalama, haki ya kupewa taarifa, haki ya kuchagua, na haki ya kusikilizwa. Ndiyo asili ya Siku ya Haki za Mlaji Duniani tunayoiadhimisha kila tarehe 15 Machi. Mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya kumlinda mlaji. Hapa kwetu, Sheria ya Ushindani Na. 8 ya mwaka 2003 iliunda Tume ya Ushindani pamoja na Baraza la Taifa la Kumtetea Mlaji, na ikakataza mwenendo wa biashara unaompotosha mlaji. Nitazichukua haki hizo nne moja moja, nizipitishe kandokando ya bahari, tuone zinamwambia nini mkimbiaji.

Haki ya usalama

Mwili unaokimbia ni tanuri. Unajipoza kwa jasho, lakini jasho halipozi kwa kutoka, hupoza kwa kukauka. Katika hewa nzito ya pwani yetu, hasa kati ya Desemba na Machi, jasho hutiririka bila kukauka, na joto linabaki ndani. Kwa hiyo mbio zile zile zilizo nyepesi mwezi wa Julai, upepo wa kusi ukivuma, huweza kuwa hatari mwezi wa Februari. Na saa moja na nusu ya kuchelewa kuanza si jambo dogo la ratiba. Ni saa moja na nusu ya jua iliyoongezwa katika bidhaa uliyouziwa. Mwandaaji akiuliza kwa nini mnanung'unika, mjibuni hivyo.

Kanuni za Shirikisho la Riadha Duniani zinataka mbio za barabarani zinazozidi kilomita 10 ziwe na vituo vya viburudisho takriban kila kilomita 5, na maji katikati yake. Hicho ndicho kipimo chako. Usione haya kumwuliza mwandaaji: vituo viko kilomita zipi? Maji yamehesabiwa kwa watu wangapi? Mkimbiaji wa mwisho atayakuta? Nasisitiza huyo wa mwisho, kwa kuwa amelipa ada ile ile aliyolipa wa kwanza, na ndiye anayekaa juani muda mrefu zaidi.

Jifunzeni dalili za joto kuzidi mwilini: mtu anachanganyikiwa, anayumba, anasema maneno yasiyofungamana, anakuwa mkali bila sababu. Joto la ndani likipita nyuzi 40 na akili ikaanza kuyumba, hiyo ni dharura. Kanuni ya madaktari wa michezo ni hii: poza kwanza, safirisha baadaye. Maji baridi, barafu, kivuli, kupepea, na wakati huohuo mwingine apige simu kuita msaada. Usimnyweshe maji mtu asiyejitambua. Muuza madafu wetu hakuisoma kanuni hiyo popote, lakini aliitekeleza sawasawa.

Hata hivyo maji nayo yana kiasi chake. Wako wanaodhani kwamba kunywa kwingi ndiyo usalama. Katika marathoni ya Boston ya mwaka 2002, watafiti waliwapima damu wakimbiaji 488 waliomaliza, wakakuta asilimia 13 kati yao chumvi ya damu imeshuka kuliko inavyotakiwa, na moja ya sababu kubwa ilikuwa kunywa maji kupita kiasi. Hali hiyo ikizidi huua. Kunywa unapoona kiu. Usijaze tumbo kwa hofu. Madafu ni kinywaji kizuri baada ya mbio, lakini yana chumvi kidogo kuliko ile inayotoka na jasho. Muhogo wa kuchoma wa pale Coco, wenye chumvi na pilipili, si mwenzi mbaya wa dafu.

Nawaomba pia muache desturi ya kumeza dawa za maumivu kabla ya kukimbia, zile za jamii ya ibuprofeni na diklofenaki. Figo inayofanya kazi katika joto na upungufu wa maji haihitaji mzigo mwingine. Dawa ni ya mgonjwa na hununuliwa kwa ushauri wa mfamasia. Si kiungo cha kutia katika chai ya asubuhi ya mbio.

Jambo la mwisho katika haki hii ni haki ya kuacha. Tunamheshimu mzee wetu John Stephen Akhwari, ambaye mwaka 1968 kule Mexico alimaliza marathoni ya Olimpiki wa mwisho, goti likiwa limefungwa bendeji. Historia yake ni fahari ya taifa. Lakini Akhwari alikuwa amebeba bendera. Wewe na mimi tumebeba watoto wanaotusubiri tule nao chakula cha mchana. Ukihisi kizunguzungu, simama. Ada imekwisha kulipwa. Haidai roho yako juu yake.

Haki ya kupewa taarifa

Nusu marathoni ni kilomita 21.0975. Si "kama ishirini hivi". Njia ya mbio inayostahili jina hilo hupimwa kwa baiskeli iliyofungwa kifaa cha kuhesabu mizunguko ya gurudumu, mpimaji akifuata mstari mfupi kuliko yote ambao mkimbiaji anaweza kupita. Tena huongezwa mita 1 kwa kila kilomita, yaani kama mita 21 kwa nusu marathoni, ili pasiwe na hofu ya kupunja.

Wako watakaosema: mita mia mbili tatu zina nini? Mwezi Septemba 2025, kule Tokyo, ndugu yetu Alphonce Simbu alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2 dakika 9 na sekunde 48. Kilichowatenganisha ni sehemu tatu za mia za sekunde. Katika mchezo huu kipimo ndicho bidhaa yenyewe. Wakulima wetu wamepigania kwa miaka mingi lumbesa ikomeshwe, yaani kile kilemba juu ya gunia kinachomfanya auze zaidi kuliko anacholipwa. Basi njia fupi ni lumbesa iliyogeuzwa: umelipa gunia zima, umepewa lililopungua.

Hapa niwe mwadilifu kwa waandaaji. Saa ya mkononi inayosoma satelaiti haina usahihi wa mpimaji. Majengo marefu huipotosha, na wewe mwenyewe huyumba huku na huku ukiwapita wenzako, ukazidisha umbali. Saa ikikuonyesha 21.3, hujaibiwa kitu, wala hujaongezewa. Ikikuonyesha 19.4, na za wenzako kumi zikasema hivyohivyo, hapo pana neno la kuuliza.

Kabla hujalipa, tafuta majibu ya maswali haya, na usiridhike na picha ya bahari. Nani anaandaa, na jina lake la kisheria ni lipi? Je, mbio zinatambuliwa na Riadha Tanzania? Barabara zitafungwa saa ngapi mpaka saa ngapi? Muda wa mwisho wa kumaliza ni upi, na baada ya muda huo maji na ulinzi vitaondolewa? Mbio zikiahirishwa au kufutwa, fedha inarudi, inahamishwa, au inapotea? Ukisikia neno bima, uliza: bima ya kampuni gani, inalipa nini, na cheti kiko wapi? Na kama mbio ni za hisani, uliza ni sehemu gani ya ada inayokwenda kwa walengwa, na taarifa ya mapato itatolewa lini. Mwandaaji mwaminifu hufurahia maswali haya. Asiyefurahi amekupa jibu.

Kuhusu kulipa, lipeni kwa namba ya malipo ya biashara, si ya mtu binafsi. Jina linalotokea katika simu kabla hujaingiza namba ya siri lisomeni. Likiwa si la mwandaaji, simamisha. Baada ya kujiandikisha, tahadhari na ujumbe unaokuambia utume fedha ya fulana au ya kadi kwenye "namba hii". Matapeli hupenda msimu wa mbio kama wanavyopenda msimu wa ajira. Namba ya tapeli ipelekwe kwa ujumbe mfupi kwenda 15040, kama Mamlaka ya Mawasiliano ilivyoelekeza.

Haki ya kuchagua

Sasa tushuke Kariakoo. Kutoka hapa ni mwendo wa miguu tu, na raba zimepangwa kuanzia Msimbazi hadi mtaa wa Kongo, za kila rangi na kila bei. Sina ugomvi na Kariakoo. Wengi wetu tumelelewa na Kariakoo. Lakini haki ya kuchagua haina maana kama hujui unachokichagua. Raba za soko lile ziko za aina tatu: mpya halisi, mpya bandia, na mtumba.

Raba bandia hujulikana kwa subira. Angalia kibandiko kilichomo ndani ya ulimi wa kiatu: namba ya toleo iliyoandikwa pale ilingane na iliyoandikwa katika boksi. Angalia mishono, angalia gundi iliyovuja ukingoni, nusa harufu yake. Kunja kiatu: cha kukimbilia hukunjika panapokunjika vidole vyako, wala hakikunjiki katikati kama kandambili. Na bei ikiwa robo ya ile inayojulikana, usijiite mjanja kabla hujajiuliza kwa nini. Mshipi wa jina ubavuni haulindi goti. Kinacholinda ni povu la soli, na hilo ndilo la kwanza kupunguzwa na mwenye kughushi.

Mtumba ni habari nyingine. Raba ya mtumba huweza kuwa halisi kabisa na bado ikawa imekufa. Soli ya raba ya mbio huchoka baada ya takriban kilomita 500 hadi 800, hata kama ngozi ya juu inang'aa kwa sabuni ya muuzaji. Ibonyeze kwa kidole gumba pembeni: ikiwa ngumu kama ubao, au ina mikunjo mingi iliyolala, imekwisha kazi yake. Iweke juu ya meza, uiangalie kwa nyuma: ikiinama upande mmoja, itaukunja mguu wako kufuata mguu wa mtu mwingine usiyemjua. Na nguo za ndani za mitumba msinunue. Zimekatazwa kwa sababu za afya.

Nunua kiatu jioni, mguu ukiwa umevimba kidogo kama utakavyovimba njiani, na uvae soksi utakazokimbilia. Pabaki nafasi ya upana wa kidole gumba mbele ya kidole kirefu. Kisha mwambie muuzaji kwa maneno ya wazi: nataka kiatu cha kukimbilia kilomita 21. Usidhani hayo ni mazungumzo tu. Sheria yetu ya mauzo ya bidhaa inasema kwamba mnunuzi akimjulisha muuzaji kazi anayoitakia bidhaa, akategemea ujuzi wa muuzaji huyo, bidhaa inapaswa kuifaa kazi hiyo. Na yale maandishi ya ukutani, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, hayaifuti haki ya mtu aliyeuziwa bidhaa mbovu au bandia. Dai risiti ya mashine. Bila risiti, mdomo wako utashindana na mdomo wa muuzaji, na yeye ana uzoefu zaidi.

Usivae raba mpya siku ya mbio. Zifanyie mazoezi wiki kadhaa kwanza. Kasoro ionekane Upanga, karibu na duka, isionekane katikati ya daraja.

Haki ya kusikilizwa

Nimesema kwamba mara ya kwanza nilibaki mikono mitupu. Mwaka uliofuata nilijiandikisha katika mbio nyingine, na safari hii niliweka kila kitu: picha ya tangazo, masharti, ujumbe wa malipo, risiti, na majina ya niliozungumza nao. Mbio ziliahirishwa siku nne kabla ya tarehe, nami siku hiyo mpya nilikuwa na safari. Waliniambia fedha hairudi. Niliwaandikia barua ya ukurasa mmoja, nikanukuu masharti yao wenyewe, nikawapa siku saba, na nikasema kwa adabu kwamba baada ya hapo nitapeleka lalamiko Tume ya Ushindani. Fedha ilirudi siku ya tano. Sikumtukana mtu, sikuanika jina la mtu mitandaoni. Nilikuwa na karatasi.

Ndiyo njia ninayowashauri. Kwanza mwandikie aliyekuuzia: nini uliahidiwa, nini ulipewa, unataka nini, na lini. Asipojibu, lalamiko la maandishi pamoja na vielelezo lipelekwe Tume ya Ushindani. Kiatu au bidhaa nyingine isiyokidhi ubora ni jambo la Shirika la Viwango Tanzania. Suala la dawa ni la Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Suala la mwenendo wa mchezo ni la Riadha Tanzania na Baraza la Michezo la Taifa. Kama mmeumia wengi, andikeni pamoja. Lalamiko la mtu mmoja huonekana ugomvi. La watu arobaini wenye kadi za mbio na risiti ni ushahidi.

Msidhani kwamba kulalamika ni kuua mbio. Mbio mbovu zisipolalamikiwa ndizo zinazoua mbio nzuri, kwa kuwa mwandaaji anayenunua maji ya kutosha, anayelipia gari la wagonjwa na mpimaji wa njia, hawezi kushindana kwa bei na yule asiyenunua hata kimoja. Sheria inaitwa ya ushindani kwa sababu hiyo. Mlaji anayedai haki yake humlinda pia mfanyabiashara mwadilifu.

Mambo ya kuweka kabla ya siku ya mbio

Wenye vikundi wameniomba muhtasari wa kubandika ubaoni. Ni huu:

1. Hifadhi tangazo na masharti siku ile ile unayolipa, tangazo hubadilishwa.
2. Lipa kwa namba ya biashara, soma jina, dai risiti.
3. Uliza maji, huduma ya kwanza, kufungwa kwa barabara na muda wa mwisho; majibu yawe ya maandishi.
4. Andika nyuma ya kadi yako ya mbio jina lako, ugonjwa au mzio ulio nao, na simu ya mtu wa nyumbani.
5. Beba chupa yako ndogo ya maji na fedha kidogo ya teksi. Ahadi ya mtu isikufanye usijiandae.
6. Kimbia na mwenzio, na mkubaliane kabla: mmoja akichanganyikiwa, mwingine anasimama.

Ndugu zangu, baada ya kisa kile nilidhani jirani yangu hatakimbia tena. Miezi mitano baadaye, asubuhi ya Julai, aligonga mlango wangu akiwa amevaa raba. Tulikwenda pole hadi Coco, tukamtafuta yule kijana wa madafu. Tulimkuta pale pale, na mkokoteni ule ule. Mama alinunua madafu mawili, akalipa ya kumi, kijana akakataa chenji iliyozidi, wakabishana kwa muda. Mwishowe kijana alikubali kwa sharti moja: kwamba siku nyingine tukitaka kukimbia mbio za kulipia, tumwulize kwanza waandaaji wamekuja kuagiza barafu kiasi gani.

Tangu siku ile tunamwuliza. Nanyi ulizeni.